Maji ya Juni, Kiu ya Agosti: Kisa cha Mito ya St. Mary na Milk

Tarehe 17 Juni 2024, karibu na kijiji cha Babb katika jimbo la Montana, Marekani, bomba kubwa la chuma lililokuwa na umri wa karne moja hivi lilipasuka. Lilikuwa moja kati ya mabomba mawili ya sifoni inayovusha maji ya mfereji wa St. Mary, unaopeleka maji ya mto St. Mary kwenye mto Milk, kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Maji yalimwagika mteremkoni na kuuchimba udongo, na bomba la pili nalo likaharibika. Mfereji ukafungwa. Wakati huo theluji ya milima ya Glacier ilikuwa bado inayeyuka na mto St. Mary una maji mengi. Yale ambayo mkataba wa maji wa mwaka 1909 kati ya Marekani na Kanada unayahesabu kuwa fungu la Marekani yakafuata njia yake ya asili kuelekea kaskazini, yakavuka mpaka na kuingia jimbo la Alberta, Kanada.

Hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa siku hiyo, na hakuna nchi iliyochukua kisicho chake. Hata hivyo wakulima wa bonde la mto Milk, mamia ya kilomita upande wa mashariki, walipoteza msimu. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufuata maji yenyewe: theluji inakolala, mwezi inapoyeyuka, na ukubwa wa tundu linaloyapitisha. Mkataba unagawa kiasi. Tarehe hupangwa na theluji.

Mito miwili, theluji mbili

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier kuna kilele kiitwacho Triple Divide, chenye urefu wa mita 2,444 hivi. Maji ya upande wake wa magharibi huishia bahari ya Pasifiki, ya upande mwingine hushuka kwenye mto Missouri hadi Ghuba ya Meksiko, na ya upande wa tatu huenda Ghuba ya Hudson. St. Mary ni mto wa upande huo wa tatu. Hupita ziwa Gunsight, kisha maziwa ya Saint Mary na Lower St. Mary, huvuka ardhi ya Wablackfeet, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huingia Alberta na kuungana na mto Oldman karibu na jiji la Lethbridge. Kutoka hapo maji hufuata South Saskatchewan, ziwa Winnipeg na mto Nelson hadi baharini.

Milk huanzia jirani kabisa, katika vilima vya ardhi hiyo hiyo ya Wablackfeet, lakini ni mto wa Missouri. Njia yake ni ya ajabu: hutoka Montana, huingia Alberta, hupita mji wa Milk River na miamba yenye michoro ya Writing-on-Stone, ambayo Wablackfoot (jina la pamoja la Wablackfeet na jamaa zao) huiita Áísínai'pi, kisha hurudi Montana. Huko hujaza bwawa la Fresno, hupita Havre, Malta na Glasgow, na kuingia Missouri chini kidogo ya bwawa la Fort Peck. Lewis na Clark waliupa jina mwaka 1805 kwa rangi ya maji yake, iliyofanana na chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo laini unaoelea, na udongo huo una gharama yake, kama tutakavyoona.

Tofauti kubwa kati ya mito hii ni mwinuko wa theluji yake. Theluji ya St. Mary hulala juu, kwenye mabonde yenye kivuli na miteremko ya kaskazini. Katika sehemu za juu hufikia kilele chake mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mto hujaa zaidi kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Theluji ya Milk ni ya vilimani na nyikani. Upepo mkavu na wa joto uitwao chinook huila mara kadhaa katikati ya baridi, na sehemu ya theluji hiyo hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Inayobaki huyeyuka Machi na Aprili. Ikifika Julai, Milk wa asili ni mto dhaifu sana. Bila maji ya kuletwa, sehemu yake ya chini ingekauka katika miaka sita kati ya kila kumi.

Wengi wakisikia jina la Glacier hudhani mto huu unaishi kwa barafu ya kudumu. Barafu hizo zimepungua sana: mwaka 2015 ni 26 tu zilizofikia ukubwa wa kuhesabiwa. Lakini mchango wake kwa mto mzima ni mdogo ukilinganishwa na theluji ya msimu. Barafu husaidia vijito vya juu mwishoni mwa Agosti, na samaki wa maji baridi huihitaji. Mfereji hautegemei barafu. Hutegemea theluji ya Aprili.

Ndiyo maana anayefuatilia mto huu hupima uzito wa theluji, si kina chake tu. Mita moja ya theluji iliyoshikamana wakati wa masika huweza kuwa na sentimita 35 za maji. Mita moja ya theluji mpya huenda ikawa na sentimita 10. Vituo vya kupimia milimani hutumia mfuko bapa wa majimaji uliotandazwa ardhini, na theluji ikiulalia, uzito wake husomwa na kutumwa kwa redio. Kasoro ya kawaida ni tabaka gumu la barafu linalojijenga juu ya kifaa kama daraja na kubeba sehemu ya uzito, hivyo kipimo kikaonyesha maji machache kuliko yaliyopo. Wapimaji hurekebisha kwa kudunga theluji kwa bomba la mkono na kupima uzito wa kipande kilichotoka.

Jinsi mito ikawa mmoja kisheria

Ukingo unaotenganisha St. Mary na tawi la kaskazini la Milk ni mfupi kiasi kwamba maji yanaweza kuvushwa kwa mteremko peke yake, bila pampu. Serikali ya Marekani iliona hivyo mapema, na mradi wa Milk River uliidhinishwa mwaka 1903. Tatizo lilikuwa wazi: maji yakishavushwa na kuingia Milk, lazima yapite Alberta kabla ya kurudi Montana. Upande wa Kanada walichimba mfereji wao karibu na mji wa Milk River ili kuonyesha kwamba wanaweza kuyachukua maji hayo yakipita. Wenyeji waliuita mfereji wa kukomoana, na mabaki yake yanaonekana hadi leo. Kila nchi ilikuwa na mkono kwenye koo la mwenzake, na hilo likazileta mezani.

Mkataba wa Maji ya Mpakani ulitiwa saini tarehe 11 Januari 1909. Kifungu cha sita kinasema St. Mary na Milk zihesabiwe kama mto mmoja kwa ajili ya umwagiliaji na nguvu za umeme, na maji yagawanywe sawa kwa sawa. Lakini nchi inaweza kuchukua zaidi ya nusu kwenye mto mmoja na chini ya nusu kwenye mwingine. Kinaruhusu pia Marekani kutumia mkondo wa Milk ndani ya Kanada kupitishia maji yaliyotolewa St. Mary. Maelezo ya hesabu yalikuja tarehe 4 Oktoba 1921, kwa amri ya Tume ya Pamoja ya Kimataifa iliyoundwa na mkataba huo huo.

Hesabu ya amri ya 1921 ni hii. Katika msimu wa umwagiliaji, yaani 1 Aprili hadi 31 Oktoba, mtiririko wa asili wa St. Mary mpakani ukiwa futi za ujazo 666 kwa sekunde au pungufu (karibu mita za ujazo 19), Kanada hupata robo tatu na Marekani robo. Kinachozidi 666 hugawanywa nusu kwa nusu. Kwenye Milk mambo hugeuzwa: Marekani hupata robo tatu ya 666 za kwanza, Kanada robo, na ziada nusu kwa nusu. Nje ya msimu kila kitu ni nusu. Namba 666 imetokana na mkataba wenyewe, uliotaja kipaumbele cha futi 500 au robo tatu ya mtiririko. Robo tatu ya 666 ni 500 kasoro nusu futi.

Sasa tuijaribu kwa siku tatu za mfano.

Siku ya Juni, mtiririko wa asili wa St. Mary ni futi za ujazo 2,500 kwa sekunde (namba zinazofuata ni za kipimo hicho hicho). Katika 666 za kwanza Marekani ina 166.5. Ziada ni 1,834, na nusu yake ni 917. Jumla ya Marekani ni 1,083.5. Lakini mfereji, uliojengwa kwa ajili ya futi 850, kwa miaka mingi ya uzee wake ulipitisha kama 600 tu. Futi 483 za Marekani huenda Kanada kila sekunde, bila deni na bila malipo. Kwa siku nzima hiyo ni karibu mita za ujazo milioni 1.2.

Siku ya Agosti, mtiririko ni 400. Marekani ina 100. Mfereji una nafasi tele, maji hayapo, na hapo ndipo mashamba ya Montana yanapoyahitaji.

Siku ya Januari, fungu ni nusu kwa nusu. Mfereji umefungwa kwa sababu ya barafu, kwa hiyo nusu hiyo haina njia, isipokuwa ile inayohifadhiwa nyuma ya ukuta wa Sherburne.

Bwawa la Sherburne kwenye kijito cha Swiftcurrent ndilo ghala pekee la Marekani upande wa St. Mary, na mpango wote wa kiangazi unaning'inia hapo. Linashika kijito kimoja tu. Shina kuu la St. Mary, linalopita kwenye maziwa mawili makubwa, halina kizuizi cha kuhifadhi maji. Maziwa hayo hutuliza mafuriko, lakini hayawezi kuweka maji ya Juni hadi Agosti. Kanada, kwa upande wake, ilimaliza bwawa lake la St. Mary mwaka 1951, kwenye mkondo mkuu, na hivyo linapokea ziada yote inayoshindwa kuingia mferejini. Eneo la umwagiliaji lililokua kuanzia bwawa hilo kuelekea Taber ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini Kanada. Kwa maoni yetu, pengo hili la mabwawa limeamua mgao halisi wa maji kuliko namba yoyote iliyoandikwa mwaka 1921.

Wakulima wa Alberta kando ya mto uliojaa

Si haki kusimulia kisa hiki kwa macho ya Montana peke yake. Chukua siku ya Agosti kwenye Milk ndani ya Alberta. Mto umejaa, futi 600 zinapita mbele ya mji. Mtiririko wa asili, ukiondoa maji ya kuletwa, ni 20 tu. Fungu la Kanada ni robo: futi 5, yaani lita 140 hivi kwa sekunde. Mtambo mmoja wa kunyunyizia unaozunguka shamba la ekari 130 huhitaji kama lita 55 hadi 60 kwa sekunde. Kwa hiyo bonde zima la Alberta linaruhusiwa kuendesha mitambo miwili na kidogo, huku mto uliojaa ukipita kando yake. Mkulima huzima pampu na kutazama maji ya mwenzake yakienda.

Maji hayo ya wageni yameubadilisha mto pia. Tawi la kaskazini na shina la Milk limekuwa likibeba kila kiangazi mzigo ambao mkondo wake haukuumbwa kuubeba. Kingo zimeliwa, mto umepanuka, ardhi ya malisho imeporomoka. Udongo unaotoka huko hutulia ndani ya Fresno, bwawa lililokamilika mwaka 1939, ambalo limeshapoteza zaidi ya robo ya ujazo wake wa awali. Hasara ni ya pande zote mbili, na hesabu ya mgao haina safu ya kuiandika.

Kupima mto ambao haupo

Neno zito katika amri ya 1921 ni mtiririko wa asili, yaani maji ambayo yangepita kama binadamu asingegusa kitu. Hakuna kifaa kinachoupima, hukokotolewa. Kwa St. Mary huchukuliwa maji yaliyopita kituo cha mpakani, yakaongezwa yaliyoingia mferejini, na kuongezwa au kupunguzwa mabadiliko ya ujazo wa Sherburne. Kwa Milk hesabu ni ngumu zaidi: kwenye kivuko cha mashariki, mto unaporudi Montana, huchukuliwa kilichopimwa, huondolewa kilicholetwa na mfereji baada ya kukata upotevu wa njiani, kisha huongezwa kilichotumiwa na wakulima wa Kanada.

Makosa huingia hapo. Maji huchukua siku kadhaa kutoka mferejini hadi kivuko cha mashariki, kwa hiyo mtu akitoa namba za siku moja kutoka kwa namba za siku hiyo hiyo atapata mtiririko wa asili ulio hasi. Mvukizo siku ya upepo na joto si sawa na wa siku ya mawingu. Mchanga wa Milk huhamahama, na uhusiano kati ya kimo cha maji na kiasi chake hubadilika. Bila kipimo cha mara kwa mara kwa mita ya mkondo, kituo hutoa namba iliyopotoka. Aprili, vipande vya barafu hukwama kwenye kituo na kuinua kimo bila kuongeza maji. Makosa ya futi 10 si kitu Juni. Agosti, mtiririko wa asili ukiwa 20, ni nusu ya mto.

Kazi hii hufanywa na mashirika ya vipimo ya nchi zote mbili, na matokeo hukubaliwa pamoja kwa vipindi vya karibu nusu mwezi. Mwaka 2001 maofisa wa pande mbili waliongeza utaratibu wa mkopo: Marekani inaruhusiwa kuchukua zaidi ya fungu lake kwenye St. Mary wakati wa masika, na Kanada zaidi ya fungu lake kwenye Milk wakati wa kiangazi, kisha madeni yakasawazishwa. Hili ni jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika tangu 1921, kwa sababu linagusa tarehe. Linampa mkulima wa Alberta maji ya Agosti, na linaipa Fresno maji ya Aprili, kabla mto haujapanda.

Mfereji wenyewe

Mfereji una urefu wa kilomita 47 hivi. Huanzia kwenye kizuizi karibu na Babb, huvuka bonde la St. Mary kwa sifoni ya kwanza, hufuata miteremko, huvuka korongo la Hall's Coulee kwa sifoni ya pili, kisha hushuka jumla ya mita 65 kwa ngazi tano za zege hadi tawi la kaskazini la Milk. Ujenzi ulianza mwaka 1906.

Sifoni ya kwanza ilikuwa mabomba mawili ya mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa riveti, kila moja kipenyo cha mita 2.3 hivi na urefu wa karibu kilomita moja. Maji huingia upande mmoja, hushuka bondeni, na kupanda upande wa pili kwa sababu mdomo wa kutokea uko chini kidogo kuliko wa kuingilia. Mtiririko wa mita za ujazo 18 kwa sekunde ukigawanywa kwa mabomba mawili, mwendo ndani yake ni kama mita 2 kwa sekunde. Chini ya bonde, msukumo wa safu ya maji ya makumi ya mita hukandamiza kila riveti kutoka ndani.

Udongo wa mteremko ndio adui. Ni mfinyanzi na mabaki ya barafu ya kale, huteleza polepole ukilowa. Bomba linalovuja hulowesha udongo, udongo ukiteleza hulipinda bomba, mpindo hufungua mwungo, na uvujaji huongezeka. Mzunguko huu ulijulikana kwa miongo mingi. Onyo lilikuja tarehe 17 Mei 2020, ngazi ya tano ilipoanguka. Maji yalirudi Oktoba, msimu ukiwa umekwisha. Kwa nini haikutengenezwa mapema? Sehemu kubwa ya gharama za uendeshaji na matengenezo iliwaangukia wakulima wenyewe, ambao mapato yao ya majani ya mifugo na nafaka hayatoshi kujenga upya mfereji mzima. Walitia viraka kwa sababu viraka ndivyo walivyoweza kulipia.

Baada ya mpasuko wa 2024, bonde lilibaki na akiba ya Fresno na Milk wa asili. Mgao wa kwanza ulikuwa wa miji inayokunywa mto huo, Havre ikiwa mmojawapo. Mashamba, kama ekari 110,000 kwa hali ya kawaida, yalipata yaliyobaki. Upande wa Alberta mkondo nao ulishuka hadi kiwango chake cha asili. Waliokuwa wakilalamika kuona maji wasiyoruhusiwa kuyagusa sasa walikuwa na midomo ya pampu iliyo juu ya uso wa mto. Sifoni mpya zilianza kupitisha maji Julai 2025.

Kinachobaki kuamuliwa

Mwaka 2021 Tume ya Pamoja ilianzisha uchunguzi mpya wa mito hii miwili. Ombi la Montana la mwaka 2003 lilikuwa kuipitia upya amri yenyewe. Tunaona kwamba kubishania robo na nusu kutazaa kidogo. Rudi kwenye siku ya Juni: mfereji wa futi 850 badala ya 600 huongeza futi 250 za Marekani kila sekunde bila kubadilisha neno moja la amri. Siku ya Agosti mfereji huo mpana hausaidii chochote, kwa sababu fungu ni 100 tu. Hapo msaada ni ghala au mkopo. Na ghala la Fresno lina mipaka, likizidi kujaa udongo ambao mfereji mpana utauongeza. Anayepanua mfereji bila kuimarisha kingo za Alberta anahamisha hasara ng'ambo ya mpaka.

Yapo pia madai ya wenye ardhi wa kwanza, ambayo mkataba wa 1909 haukuyataja. Hukumu ya Winters ya mwaka 1908, inayosema kwamba kutengewa ardhi ni kutengewa maji pia, ilitokana na mto Milk huu huu, kwenye hifadhi ya Fort Belknap. Haki za maji za Wablackfeet, ambao mfereji unapita kwenye ardhi yao, ziliidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2016. Upande wa Kanada, ardhi ya Wakainai, jamaa za Wablackfeet, imepakana na St. Mary. Mafungu hayo hutoka ndani ya nusu ya kila nchi, hivyo hesabu ya mpakani haibadiliki, lakini kilichobaki kwa mkulima wa mwisho wa mfereji hupungua.

Na theluji inaondoka mapema. Kilele kikisogea kutoka Juni kwenda Mei, maji mengi zaidi yatapita juu ya kikomo cha 666 wakati mashamba hayajawa na kiu, na siku za chini ya 666, ambazo Kanada ina robo tatu na Marekani robo, zitaongezeka kiangazi. Kwa Milk ni kinyume: siku nyingi za mtiririko mdogo humpunguzia zaidi mkulima wa Alberta. Urefu wa kipindi cha kusawazisha madeni ndio wa kwanza unaopaswa kuchunguzwa, kwa sababu unaweza kurekebishwa na maofisa bila kufungua mkataba wenyewe; tarehe ya 1 Aprili imeandikwa ndani ya mkataba.